Hita ya maji na chumvi ya Kisauni

Jamani, mnaocheka eti Mombasa hita ya nini, ogeni alfajiri ya Julai kusi likivuma!

Hita yetu ya tanki ilikuwa yaangusha swichi kila ikiwashwa. Fundi wa kwanza akasema nunueni mpya, na hata kifuniko hajafungua. Wa pili, mzee wa mtaani, alizima stima kwenye meni swichi, akachomoa nyaya, akapima elementi, ile koili ya kuchemsha maji, kwa mita. Ya wati 1500 kwa volti 240 husoma ukinzani wa kama omu 38, na hii ilisoma vizuri tu. Shida ni kwamba mita ilisoma pia kati ya elementi na bodi ya chuma ya hita, mahali pasipotakiwa kupita kitu. Elementi imepasuka, maji yameingia ndani yake.

Ilipotoka, chokaa imeiganda kama chaza kwenye mwamba. Maji ya kisima ya huku kwetu Kisauni hayo, chumvi tupu! Fimbo ya magnesi inayokinga tanki na kutu ilishaliwa, imebaki waya.

Maji yakiwa vuguvugu tu, angalieni thamostati, yaani kidhibiti joto, na chokaa. Valvu ya presha ikidondosha, msiizibe kamwe, tanki laweza kulipuka. Sisi tulibadilisha elementi, fimbo na gasketi, basi.