Siku 84 na friji ya soda

Mimi ni mtu wa hesabu. Ni mhasibu kwenye ofisi ya wakala wa forodha pale Posta, Dar es Salaam, na Julai 2024 kipimo kilipotoa mistari miwili nilifungua kalenda kabla hata sijamwambia mume wangu. Tarehe ya matarajio: 10 Machi 2025. Likizo ya uzazi: siku 84. Nikazigawa kama mtu anayegawa mshahara ulioingia kukiwa na madeni, nikaona hazifiki popote. Mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama tu kwa miezi sita, sheria inanipa chini ya mitatu. Pengo hilo nililiwaza mimba nzima. Kumbe yaliyokuja kunitoa jasho mengine sikuyaweka kwenye hesabu kabisa.

La kwanza ni udongo. Kitunguu kikikaangwa nyumba ya tatu mimi natapika, lakini pemba, huo udongo wa kutafuna, ilikuwa haikauki kwenye pochi. Nilikuwa nanunua Kariakoo, vipande vilivyookwa vikakauka, natafuna kwenye basi la mwendokasi kutoka Kimara kama wengine wanavyotafuna karanga. Kliniki ya kwanza tulikwenda wawili (wanaokuja na wenza huhudumiwa mapema, na hiyo peke yake ilitosha kumtoa mume wangu kazini). Tulipima vyote, majibu ya wingi wa damu yakaja 8.9. Mjamzito anatakiwa awe na 11 kwenda juu. Nesi hakunigombeza, aliniangalia ulimi tu akauliza, "Dada, unakula udongo?" Nikakana. Akaangalia pochi yangu, akacheka.

Vidonge vya kuongeza damu walinipa, vile vinavyofanya choo kiwe cheusi, lakini lililonisaidia zaidi ni kauli yake moja: acha kunywa chai pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na mimi wali maharage bila kikombe cha chai nilikuwa sioni kama nimekula. Nikahamishia chai saa kumi. Mchana nikala matembele, dagaa, maini mara moja kwa wiki, na chungwa juu yake. Desemba damu ilikuwa 11.2. Pemba niliacha kwa shida kuliko nitakavyowahi kukiri mbele ya mama yangu.

Kazini niliandika barua mapema, kwa sababu sheria inataka mwajiri apewe taarifa miezi mitatu kabla, pamoja na cheti cha daktari. Bosi aliisoma akaiweka chini ya faili. Inaruhusiwa kuanza likizo hadi wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, na shoga zangu walinishauri nipumzike. Mimi nilikataa kupoteza siku nyingi nikiwa na tumbo. Likizo niliianza Jumatatu tarehe 3 Machi. Siku ya mwisho kazini nilitoka miguu imevimba viatu haviingii, nikatembea na ndala hadi kituoni. Hapo nilikosea. Wiki ile ya mwisho kazini sikufanya chochote cha maana zaidi ya kuhema.

Uchungu ulianza usiku wa tarehe 11, masika ikitishia. Bajaji, mume wangu kabeba beseni na mkoba wa kanga, mimi nahesabu dakika. Kesho yake saa nane mchana akatoka binti wa kilo 3.1, nami nikatoka na nyuzi nne. Mengine ya chumba kile nayaacha humo humo.

Mume alipata siku zake tatu, zikaisha kabla mimi sijaweza kukaa kwa upande mmoja wa kiti. Mama mkwe akaingia kwa basi kutoka Tanga na mchaichai, pilipili manga na kanga za kunifunga tumbo. Ilikuwa Ramadhani. Mama yule amefunga, koo kavu, ananikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, halafu ananisimamia nimalize bakuli la uji yeye akisubiri adhana. Jirani yetu Mchaga naye akawa analeta mtori, basi nikawa nakula kwa zamu za makabila. Maji yale yalikuwa ya moto mno, nikamwambia kwa woga, "Mama, nesi amesema kidonda kisiunguzwe." Akajibu, "Haya mwanangu, tutayapoza, lakini nesi huyo kazaa wangapi?"

Wiki ya tatu nikaanza kulia. Nepi hazikauki kwa mvua, napiga pasi, nalia. Chuchu zimepasuka, mtoto akifungua mdomo mimi nakunja vidole vya miguu. Nilikuwa nimejiandaa kwa pengo la miezi mitatu na sasa sikuweza kumaliza saa tatu. Mama mkwe ndiye aliyemwambia mume wangu, mbele yangu, "Mkeo hajalala. Asiyelala huona mabaya." Wakanirudisha kliniki. Nesi akanionyesha kwamba binti alikuwa akivuta ncha ya chuchu tu. Mdomo upanuke, weusi unaozunguka chuchu uingie, kidevu kiguse ziwa. Maumivu yakapungua siku mbili baadaye. Machozi yalichukua muda zaidi, na yalipungua nilipoanza kulala saa nne mfululizo, bibi akikaa na mtoto.

Tarehe 26 Mei nikarudi ofisini, binti ana wiki kumi na siku kadhaa. Sheria inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Bosi akasema, "Kunyonyesha, sawa, mtoto yuko wapi nimwone?" Mtoto yuko Mbezi, na Posta hadi Mbezi kwenda na kurudi saa mbili zimeisha barabarani. Nilichapa kifungu kile cha sheria, nikaweka chini yake ratiba: nakamua saa nne kwa nusu saa, mchana nusu saa, na saa moja iliyobaki natoka mapema. Akakaa nayo wiki nzima. Ratiba ndiyo iliyompa cha kusaini. Kifungu peke yake kilimpa cha kubishia.

Nilikamulia stoo ya mafaili, kwa mkono, mlango nimeuegemeza kiti. Kwa joto la Dar maziwa hayasubiri, yakaenda friji ya soda, kwenye kikopo nilichokiandika jina langu baada ya kijana wa mapokezi kuuliza kama ni ya chai. Jioni yanasafiri na barafu kwenye kibegi. Bibi akampa kesho yake kwa kikombe kidogo, chupa aliikataa katakata, akisema haisafishiki. Kliniki nao walisema hivyo hivyo, na bibi hajaacha kunikumbusha.

Siku nyingine zilitoka mililita 60 tu. Siku ya mkutano wa mwisho wa mwezi nililowa blauzi mbele ya wateja, nikavaa koti hadi jioni na jasho linanitiririka.

Tarehe 12 Septemba tulimpikia uji wa kwanza. Aliutema wote kwenye kanga ya bibi yake, akageuka kunitafuta mimi.