Digrii ya pili kabla ya udaktari? Tulia kwanza

Una digrii ya biashara au sheria na sasa unautaka udaktari? Hapa Bongo MD, yaani shahada ya udaktari, yenyewe ni shahada ya kwanza: miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo hospitalini. Kutanguliza BSc (shahada ya sayansi) nyingine ukidhani ndiyo ngazi ya kuingilia chuo cha udaktari cha Muhimbili, kama Marekani ambako udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza, ni kuchoma ada. Kinachotazamwa hasa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita. Huna? Fanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani huwa Mei. Wengi huangukia kwenye praktiko: noti wamekariri, bureti (mrija wa kupimia kimiminika) hawajawahi kuishika, na tone moja likizidi, kipimo kimeharibika. Tafuta maabara kabla ya kujisajili. Deni la bodi ya mikopo la digrii ya kwanza, kama unalo, nalo halitakusubiri: ukiwa umeajiriwa hukatwa 15% ya mshahara wa msingi, kila mwezi.