Kadi Ikichomolewa, Kompyuta Ijifunge

Katika ofisi nyingi za SACCOS ninazozihudumia, kuanzia Mwanjelwa hapa Mbeya mjini hadi Tukuyu, kompyuta moja hutumiwa kwa zamu na watu kadhaa, na kila mmoja huinuka mara kwa mara kwenda dirishani kumsikiliza mwanachama huku akiba na mikopo ya wengine ikibaki wazi kwenye skrini. Ndiyo maana ninaipenda njia ya kuiachia kompyuta ifuatilie kisoma kadi na kuchukua hatua yenyewe: kadi ya mtumishi yenye chipu ikichomolewa, skrini inajifunga papo hapo.

Msingi wa kazi hii ni PC/SC, kiwango kinachoziwezesha programu kuwasiliana kwa namna moja na visoma vya watengenezaji tofauti. Windows inacho tayari, pamoja na sera, yaani mpangilio wa usalama, ya kuifunga kompyuta kadi inapotolewa. Kwenye Linux kuna pcscd, programu ya chinichini inayofanya kazi hiyo. Wengi wanaoandika skripti zao huanza kwa kukiuliza kisoma kila sekunde kama kadi bado ipo. Sishauri hivyo, kwa kuwa SCardGetStatusChange, amri iliyomo ndani ya PC/SC, iliwekwa kwa kazi hiyohiyo: programu hueleza hali inayoijua, kisha hutulia hadi hali hiyo ibadilike.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni ATR, yaani mfuatano wa baiti zisizozidi 33 ambao kadi huutoa mara tu inapopata umeme na kuanzishwa. Mfuatano huo hueleza aina ya kadi na namna ya kuwasiliana nayo, wala haumtambulishi mwenye kadi. Kadi zote za toleo moja zinaweza kutoa ATR ileile. Kuifungua kompyuta kwa sababu tu ATR imefanana ni kumkaribisha yeyote mwenye kadi ya aina hiyo. Kufungua lazima kupitie namba ya siri, na kadi ithibitishe kwamba inao ufunguo binafsi, yaani siri ya kidijitali ya kadi hiyo peke yake, uliotunzwa ndani ya chipu yake.

Lipo pia tukio ambalo skripti nyingi hulisahau, nalo ni kisoma chenyewe kung'olewa. Mtu akivuta waya wa USB kadi ikiwa bado ndani, programu inayosubiri kadi itoke tu huenda isichukue hatua yoyote, na skrini ikabaki wazi. Kutoweka kwa kisoma kuhesabiwe sawa na kuchomolewa kwa kadi. Umeme ukikatika, kisoma kilichounganishwa kwenye habu (kigawanyi cha USB chenye umeme wake) isiyokuwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba, huzimika wakati kompyuta inaendelea kuwaka, hivyo kompyuta itajifunga, na ni sawa ijifunge. Lakini mtumishi hapaswi kupoteza fomu ya mkopo aliyokuwa anaijaza. Kwa hiyo ninashauri kisoma kichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, na hatua iwekwe ya kufunga skrini, si ya kumtoa mtumiaji kwenye akaunti yake, ili akirudisha kadi na kuingiza namba ya siri aikute fomu kama alivyoiacha.