Mstari Uliokatika Begani

Mwaka 2012 nilikuwa mchoraji wa mishono katika duka dogo la ushonaji Kariakoo, Dar es Salaam. Mteja alipoleta kitambaa chake, mimi ndiye niliyemchorea gauni kwanza ili fundi ajue anakata nini, na nilijivunia kutoacha kitu: kila kifungo, kila rinda na kila shanga vilikuwa na mahali pake kwenye karatasi.

Siku moja alikuja mama mmoja na binti yake aliyekuwa akijiandaa kwa sendofu. Nilichora kwa muda wa saa mbili. Mama aliushika mchoro, akamgeukia binti yake, akautazama tena, kisha akaniambia kwa upole, “Gauni nimeliona, baba. Mwanangu yuko wapi?”

Swali lile nilirudi nalo nyumbani. Wakati huo nilikuwa nimeanza kufuatilia kazi za David Downton, mchoraji wa mitindo aliyezaliwa London mwaka 1959, na nilikuwa nimehifadhi picha zake kadhaa kwenye simu. Kilichonivuta kwake hapo mwanzo ni safari yake. Baada ya kuhamia Brighton, mji wa pwani ya Uingereza, mwaka 1981, kwa miaka mingi alichora kazi yoyote iliyomfikia, iwe ya mapishi, ya mvinyo au hata ya ufumaji wa sweta, mpaka mwaka 1996 gazeti la Financial Times lilipomtuma Paris kuchora maonyesho ya mavazi ya kifahari, yale yanayoshonwa kwa ajili ya mteja mmoja mmoja. Kuanzia mwaka 1998 akawa anawachora wanawake mashuhuri, miongoni mwao mwigizaji Mfaransa Catherine Deneuve, mwanamitindo Mmarekani Carmen Dell'Orefice na Iman, yule Msomali ambaye safari yake ya uanamitindo ilianzia Nairobi alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu.

Usiku ule nilizitazama picha zile kwa jicho jingine. Shingo ilikuwa mstari mmoja wa brashi; bega lilianza, likakatika, na mtazamaji ndiye aliyelimalizia. Hariri nyeupe haikupakwa rangi yoyote, bali ilikuwa karatasi tupu iliyozungukwa na wino. Wepesi huo hauji kwa bahati, kwa maana Downton hulichora umbo lilelile mara nyingi, akipitisha mchoro mpya juu ya ule wa zamani na kupunguza kila mara, hadi jasho la kazi lisionekane tena. Wanaomsifu kwamba anachora haraka wanamnyima haki yake.

Niliweka taa chini ya kioo cha meza, nikatandaza mchoro wangu wa mchana, na juu yake karatasi nyembamba tuliyotumia dukani kutolea patani, yaani vielelezo vya kukatia kitambaa. Kwenye karatasi ya kwanza niliziacha shanga, kwenye ya nne nikayaacha marinda. Nilipofika ya kumi na moja ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mchana sikulichora kabisa: kila mama yake alipozungumza, binti yule aliinamisha kichwa na kushika ncha ya mtandio wake kwa vidole vitatu. Nikachora shingo iliyoinama, vidole vile, na doa moja la rangi ya chungwa kiunoni. Mstari wa bega niliukata kabla haujafika mkononi, na mkono ulinitetemeka, kwa sababu sikuwa nimewahi kuacha mstari bila kuumaliza.

Mama alirudi asubuhi. Hakusema neno. Alipitisha kidole juu ya bega hadi mstari ulipokatika, na kidole kikaendelea kushuka kwenye karatasi tupu, pale ambapo mkono wa binti yake ungekuwa. Kisha akauviringisha mchoro ndani ya khanga yake.

Fundi alisema hawezi kukata kitambaa kwa mchoro usioonyesha zipu, na alikuwa na haki. Alichukua ule wa kwanza, wenye shanga zote, akaubandika ukutani juu ya cherehani yake, na gauni likashonwa kwa huo.