Siku yangu moja na dagaa, Kibirizi

Saa 11 alfajiri nishafika mwaloni Kibirizi, huku Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, nasubiri mitumbwi irudi. Watu wanaona mwanika dagaa kazi yake ni kumwaga mzigo juani halafu akalale, jamani, njooni mshinde na mimi siku moja tu.

Saa 12 mitumbwi inaingia, tunagombania, napata mabeseni machache. Mpaka saa 3 nishatawanya zote kwenye kichanja cha kuanikia, mgongo unawaka.

Saa 4 anakuja kaka mmoja wa Dar anataka magunia kwa bei ya wiki mbili nyuma. Namwambia mzigo hakuna, anasema "dada'angu mnaficha ili bei ipande". Iliniuma sana! Nikamwambia kaka, jana usiku umeuona mwezi ulivyokuwa? Vijidudu vya majini mchana vinajificha chini kwenye giza, usiku vinapanda juu kula, dagaa anavifuata, samaki mgebuka naye anamfuata dagaa amle, hapo ndo mvuvi anawasha taa dagaa wakusanyike. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa yako nani ataifuata? Wengine hata hawatoki.

Akanijibu "ziwa lote hili kubwa dagaa waishe?" Nikaacha kugeuza dagaa kabisa. Ni kweli ziwa lina kina cha karibu mita 1,470, ila samaki wanaishi huku juu tu, ukishuka kupita mita mia, mia mbili, hewa hakuna, ni maji matupu. Na rutuba yote inazama hukohuko. Mpaka upepo wa kusini wa kiangazi uvume kuanzia mwezi wa 5, usukume maji ya juu, ya chini yapande na hiyo rutuba, mimea midogo iote, vijidudu vile vipate kula, dagaa naye azaliane. Upepo ukiwa dhaifu na joto likizidi maji hayachanganyiki, basi na sisi njaa. Ndo maana ziwa lilipofungwa watu wasivue, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 niliteseka, watoto wanajua, lakini niliunga mkono na leo naunga mkono, dagaa lazima apumzike akue.

Alikaa mpaka saa 7 ananibishia bei! Na huku kunguru wanashuka kichanjani, nafukuza huku namjibu, jua kali, sijala.

Mchana sijui saa ngapi wingu likatanda upande wa Kongo, tukakimbizana na maturubai maana dagaa akilowa anaoza na mtaji umekwenda. Mvua ikapita pembeni, tukafunua tena, tukageuza tena.

Jioni wamekauka vizuri, wanang'aa kama fedha, hawana punje ya mchanga. Kaka wa Dar akarudi, akaonja mmoja, akachukua debe mbili kwa bei yangu.