Farasi Mweusi na Risasi Tatu

Kila ninapousikia wimbo wa Kimeksiko wa «Caballo prieto azabache» (farasi mweusi tititi), ambao mwimbaji Antonio Aguilar ni miongoni mwa waliouimba, huacha kazi niliyo nayo mkononi. Msimulizi wake ni mpiganaji wa enzi za Mapinduzi ya Meksiko, aliyenaswa usiku wenye mawingu na majeshi ya jenerali wa mapinduzi Pancho Villa, akanyang'anywa silaha na kuhukumiwa kupigwa risasi, huku Villa mwenyewe akiagiza atengewe farasi mweusi wa mfungwa huyo kwa sababu ya utii wa mnyama. Anapoulizwa ombi lake la mwisho, mfungwa anaomba afe akiwa amempanda farasi wake. Wanampandisha. Mnyama anasubiri sauti ya bwana wake, kisha anawavamia wafyatuaji na kutoroka naye, risasi tatu za bunduki ya Mauser zikiwa mwilini mwa farasi. Mtu anapona, farasi anakufa, na mwanamume huyo analia waziwazi kwa kuwa hakuweza kumwokoa aliyemwokoa.

Tofauti na huo, wimbo wa farasi aitwaye Moro wa Cumpas, unaosimulia mbio za farasi za mwaka 1957 mjini Agua Prieta, jimboni Sonora, Meksiko, hauna kifo; kuna farasi kipenzi tu, aliyeshindwa na farasi mwingine, Relámpago.