Siku moja ya fundi wa tovuti, Lubumbashi

Saa kumi na mbili asubuhi. Umeme upo, kwa hiyo uso nitanawa baadaye: kwanza kompyuta, simu mbili na modemu. Ukikaa Kenya (komini yetu, yaani sehemu ya mji, hapa Lubumbashi, si nchi) unazoea kuchaji kabla ya kusali.

Saa moja na nusu. Mpiga picha wa harusi wa Kamalondo: "Fundi, tovuti yangu imekuwa nyeupe pee!" Usiku alibonyeza kusasisha kila kitu. Huo ugonjwa naujua. WordPress, programu inayoendesha tovuti yake, ikiwa nyeupe baada ya kusasishwa, mara nyingi kuna plagini (kiprogramu cha nyongeza) iliyogombana na mwenzake au na toleo la PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo. Niliingia kwenye faili za seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, nikaipa folda ya "plugins" jina jingine. WordPress isipoiona, plagini zote zinazimika, na ukurasa ukarudi. Nikairudishia jina lake, nikaziwasha moja moja. Ya nne, ya kutembeza picha, ikaangusha tena. Nikaitoa. Dakika 25, dola 10. Nikamsihi aweke nakala kabla ya kusasisha. Akaitikia kwa sauti ya mtu ambaye hataweka.

Saa nne. Papa anayeuza vinyago vya malakiti, lile jiwe la kijani, alilalamika kwamba ukurasa wake hauishi kufunguka. Picha 30, zimetoka kwenye simu zilivyo, karibu megabaiti 6 kila moja. Hiyo ni megabaiti 180. Mnunuzi gani atachoma mega zake zote kwa kutazama mawe? Nilizishusha hadi upana wa pikseli 1200, nikazigeuza kuwa WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi. Papa akaleta jiwe lenyewe, akalisimamisha kando ya skrini. "Mistari hii ya kijani ndiyo bei yangu, na hapa imefifia." Alikuwa na haki. Nikapandisha ubora kidogo.

Saa saba. Bukari (ugali) na sombe (majani ya mihogo). Umeme ukaenda.

Saa nane, kwa betri. Mama mshonaji: "Mwanangu, wateja wanaambiwa tovuti yangu si salama." Cheti chake cha bure cha usalama wa tovuti, cha Let's Encrypt, kilikuwa kimekwisha muda. Vinadumu siku 90 na vinapaswa kujihuisha vyenyewe, hiki kilikwama. Dawa yake ni kubonyeza mara mbili, ukiwa na neno la siri. Analo nani? Mtoto wa kaka yake, aliyefungua kila kitu kwa barua pepe yake, kisha akahamia Kinshasa. Nikapiga: kwangu saa tisa, kwake saa nane, yuko kazini, piga jioni. Kazi yangu kubwa ndiyo hii, kutafuta nani ana ufunguo. Kuikarabati tovuti ni kitu kidogo.

Saa kumi na mbili jioni kijana akanitumia neno la siri. Dakika mbili, ile alama ya kufuli ya tovuti salama ikarudi. Kisha nikahamishia akaunti na domeni (jina la tovuti) kwenye barua pepe ya Mama, tukabadili neno la siri, akaliandika kwenye daftari la vipimo. Wenzangu watanizomea, lakini daftari hilo halitoki kwenye droo ya mikasi.

Nikataja dola 15. "Kwa dakika mbili?" Tukaafikiana dola 5 na shati. Akanipima mabega palepale, akaandika namba chini ya neno la siri.